KUZAA SI KAZI, KAZI NI KULEA

Mwaka huu sitaandika juu ya dawa za kulevya wala nidhamu ya vijana, kwani wenzangu wameyaandika hayo wakayamaliza. Nataka tuzungumze juu ya samaki. Naam, samaki! Wala si wale wa kukaangwa. Nasema gupi, wale wadogo wenye mikia ya rangi rangi ambao baadhi yetu tunawafuga nyumbani katika matangi ya kioo, pamoja na samaki wa aina nyingine.

Si ajabu Jumatatu asubuhi kumsikia mtu darasani akitangaza, "Gupi wangu wamezaa!" Sote tunampigia makofi. Miezi mitatu ikipita, utamwona mtu yuyo huyo akizunguka na chupa ya maji, anatafuta wa kumpa samaki. Akikosa anasema, "Si nitawamwaga tu mtoni." Maoni yangu ni haya, na najua yatawaudhi wengine: anayefuga gupi bila kupanga uzazi wao hawatendei wema samaki wake, na anayewamwaga mtoni anautendea mto ubaya.

Kwanza tumjue gupi mwenyewe. Asili yake ni Amerika ya Kusini, upande wa Venezuela na Guyana, na kisiwa cha Trinidad. Jina alilipata kwa Robert John Lechmere Guppy, ambaye aliwatuma samaki hawa kutoka Trinidad hadi jumba la makumbusho la London katika miaka ya 1860. Gupi hatagi mayai. Huzaa vifaranga walio hai, na papo hapo wanaanza kuogelea. Mimba yake huchukua kama majuma manne, na jike mkubwa huweza kuzaa vifaranga 30 au zaidi kwa mara moja.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui. Jike akishapandwa huweka mbegu za dume mwilini mwake kwa miezi kadhaa, akawa anazaa tena na tena hata kama hamwoni dume mwingine. Na kwa wauzaji, madume na majike mara nyingi hukaa katika tangi moja. Kwa hivyo anayesema, "Mimi nimenunua jike mmoja tu, hatazaa," amebeba ukoo mzima ndani ya mfuko wa plastiki bila kujua.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Tuseme jike wako anazaa vifaranga 30 kila mwezi, na hakuna anayekufa. Kwa miezi mitatu una vifaranga 90. Mwezi wa nne anazaa 30 wengine, na mabinti 15 wa uzao wa kwanza nao wamekuwa akina mama. Kila mmoja akizaa 10 tu, hao ni 150. Jumla ni vifaranga 270 katika tangi la lita 60! Hata matatu ya saa kumi na mbili jioni haijazwi hivyo.

Msongamano huu si wa kuchekesha. Mabaki ya chakula na kinyesi cha samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kwao. Bakteria wazuri wanaoishi kwenye kichujio na changarawe huigeuza kuwa nitriti, halafu nitrati ambayo haina ukali sana. Lakini bakteria hao wana kiasi chao cha kazi. Samaki wakizidi, sumu nayo inazidi. Tena stima ikipotea usiku na pampu ikazima, tangi lenye samaki wachache laweza kuvumilia mpaka asubuhi. Lile lililojaa halivumilii. Samaki wote hupanda juu wakihema kwa midomo. Na wanaoumia si gupi peke yao, bali pia wale wengine ambao hawakuzaa hata mmoja.

Wako wanaonipinga. Wa kwanza wanasema kila kifaranga lazima aokolewe, maana samaki wakubwa huwala, hata mama yao mzazi. Mdogo wangu hulia kila akiona jambo hilo, na simcheki. Hata mimi halinifurahishi. Lakini huko mitoni kwao vifaranga wengi huliwa, ndiyo maana gupi huzaa wengi hivyo. Ukiwaokoa wote, umewapeleka kufa polepole katika maji machafu. Wahenga walinena, mchelea mwana kulia hulia yeye. Weka majani ya kutosha, wale wepesi watajificha na kukua, na wengine watakuwa chakula cha tangi. Huo si ukatili. Ukatili ni kuwarundika.

Wa pili ndio wale wa mtoni. Wanasema, "Waache huru, watakula viluwiluwi vya mbu." Ni kweli gupi hula viluwiluwi, na kwa sababu hiyo watu waliwasambaza katika nchi nyingi duniani. Lakini gupi akiwa mtoni hachagui mbu peke yake. Anaweza kula mayai na vifaranga wa samaki wenyeji, akagombania chakula nao na hata kuwaletea magonjwa ya tangini. Na kwa zile mbegu alizohifadhi, jike mmoja anatosha kuanzisha ukoo mpya.

Sisi Wakenya tunapaswa kuwa wa mwisho kufanya mchezo huo. Sangara, ambaye watu wa ziwani humwita mbuta, aliingizwa katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na 1960 kwa nia ya kuongeza samaki wa kuvua. Pesa zilipatikana, sikatai. Lakini kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za fulu, samaki wadogo waliokuwa wamejaa ziwani, zilikuwa zinatoweka, na mbuta alikuwa chanzo kikubwa. Najua gupi si mbuta, hawezi kummeza mtu kidole. Lakini funzo ni lile lile: ukishamtia samaki majini, huwezi kumwita arudi.

Basi tufanyeje? Mimi naona njia ni rahisi, tena haina gharama. Kama unataka rangi tu ndani ya tangi la mchanganyiko, nunua madume peke yao. Ndio wenye mikia ya kupendeza, na hawazai. Utamjua dume kwa pezi lake la chini, nyuma ya tumbo: ni jembamba kama njiti, lakini la jike ni pana kama kipepeo cha jikoni. Kama unataka kuzalisha, weka dume mmoja kwa majike wawili au watatu ili wasisumbuliwe mno. Uwe na chombo cha pili, na vifaranga wakifika kama majuma manne, anza kuwatenga madume na majike kadiri unavyowatambua. Kabla ya uzazi, uwe umeshajua nani atawachukua. Usiwalishe kupita kiasi, na ubadilishe kama robo ya maji kila wiki.

Nalipendekezea Chama chetu cha Kiswahili, kikishirikiana na kile cha sayansi, kitenge ubao mmoja karibu na maabara. Mwenye gupi wa ziada aandike jina na darasa lake, naye anayewahitaji vivyo hivyo. Hivyo tutabadilishana madume ili ndugu wasizaane ovyo, na hapatakuwa na sababu ya mtu kwenda mtoni na chupa.

Wenzangu, samaki hawezi kusema, "Jamani, tumejaa." Hawezi kufungua mlango atoke. Sisi tuliomfungia ndani ya kioo ndio tunaopaswa kumhesabia. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na kwa gupi, malezi huanza siku ile unapochagua ununue dume au jike.

Mimi nimesema yangu. Mwenye kunipinga na alete hoja zake, ubaoni kuna nafasi.