Kitabu cha Dinosaria Kipimwe kwa Tendaguru

Mkutubi, mwalimu wa sayansi au mzazi wa Kakamega anayetafuta kitabu cha marejeleo kuhusu dinosaria kwa kawaida huanzia kwenye jalada: meno makali, rangi nyingi, kisha bei. Afadhali aanzie mwisho wa kitabu, kwenye faharasa, na atafute neno moja tu, Tendaguru. Asipoliona, akirudishe kitabu rafuni. Akiliona, afungue ukurasa wenyewe na ausome wote kabla ya kutoa pesa. Uzalendo wa Afrika Mashariki umo katika kipimo hiki, na sioni haya kuudai, lakini sababu yangu kuu ni ubora wa kitabu. Mwandishi anayeieleza Tendaguru sawasawa hulazimika kueleza jinsi maarifa yote kuhusu wanyama hawa yanavyopatikana: nani aliokota mfupa gani, katika mwamba upi, na ni nini kilichobuniwa kuziba pengo. Msomaji wa kawaida hana njia ya kujitafutia hayo, na ndiyo anayopaswa kuyanunua.

Tendaguru ni kilima kilichoko Lindi, kusini mwa Tanzania. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani, Bernhard Sattler, aliripoti mifupa mikubwa iliyojitokeza juu ya ardhi, na mwaka uliofuata mtaalamu Eberhard Fraas akaenda kuikagua. Kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin iliendesha uchimbaji mkubwa chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig. Hivyo ndivyo vitabu vingi husimulia, kisha vikanyamaza. Havisemi kwamba eneo hilo lilikuwa limetoka tu katika vita vya Maji Maji, wala kwamba kazi yenyewe ilifanywa na mamia ya Waafrika chini ya wasimamizi kama Boheti bin Amrani, ambaye jicho lake la kutambua mfupa ndani ya udongo lilitegemewa na wataalamu waliotoka Ulaya. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilibebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Sayansi yenyewe imeanza kulipa deni hilo: dinosaria Australodocus bohetii alipewa jina la Boheti mwaka 2007, na Wamweracaudia keranjei wa mwaka 2019 ana jina linalowaenzi Wamwera, watu wa eneo hilo, pamoja na msimamizi mwingine, Mohammadi Keranje. Baada ya Wajerumani walikuja Waingereza, na katika msafara wao wa 1924 alikuwamo kijana aliyezaliwa Kabete, Louis Leakey, ambaye Wakenya wengi wanamjua kwa mafuvu ya binadamu wa kale tu. Kitabu kinachoficha mikono iliyochimba kimetupa sehemu ya ushahidi, kwa maana kisukuku kisichojulikana kilitolewa wapi na vipi hupoteza nusu ya thamani yake.

Tumtazame sasa Giraffatitan, mnyama maarufu kuliko wote waliotoka kilimani hapo. Kiunzi chake kinasimama Berlin tangu 1937, na kimo chake kinapita mita 13. Kitabu dhaifu kitaandika kimo hicho, kitaweka picha, basi. Kitabu kizuri kitakwambia kwamba kiunzi hicho kimeunganishwa kwa mifupa ya wanyama zaidi ya mmoja, na kwamba baadhi ya sehemu ni za kutengenezwa. Kitakwambia pia kuwa Janensch alimwita Brachiosaurus brancai mwaka 1914, kwamba Gregory Paul alipendekeza jina Giraffatitan mwaka 1988, na kwamba utafiti wa Michael Taylor wa 2009 uliorodhesha tofauti nyingi za mifupa kati yake na Brachiosaurus wa Marekani. Uzito wake nao ni somo zima. Mwaka 1962 Edwin Colbert alimkadiria tani 78. Makadirio ya 1980 yakashuka hadi tani 15 hivi. Taylor akafikia tani 23. Mnyama ni yuleyule. Kilichobadilika ni njia ya kupima: huyu alipima ujazo wa sanamu ndogo, yule alipima unene wa mifupa ya miguu. Mwandishi anayeandika tani 80 bila kueleza zimetoka wapi anamwomba msomaji amwamini tu, na kitabu cha marejeleo hakina haki ya kuomba hivyo. Vilevile kuna vitabu vya zamani vinavyomchora amezama ziwani hadi shingoni, ingawa K. A. Kermack alionyesha tangu 1951 kwamba shinikizo la maji lingemzuia kupumua. Kiunzi cha Berlin chenyewe kilipangwa upya na kufunguliwa tena mwaka 2007, miguu ya mbele ikiwa imenyooka chini ya mwili, kwa sababu msimamo wa kwanza ulikuwa na makosa. Ikiwa makumbusho iliweza kuvunja na kusimamisha upya mnyama mrefu kuliko nyumba ya ghorofa tatu, mchapishaji hana kisingizio cha kuchapa tena mchoro uleule.

Kutokana na hayo, ukurasa wa hakimiliki, unaoonyesha mwaka wa kitabu, una uzito kuliko jalada. Manyoya ya Sinosauropteryx yalitangazwa China mwaka 1996. Mkia mpana wa Spinosaurus, mwaka 2020. Hapa kwetu mambo yamekwenda kasi zaidi. Tanzania imetupa Asilisaurus kongwe mwaka 2010, ambaye ni jamaa wa karibu wa dinosaria, kisha Rukwatitan mwaka 2014, Shingopana mwaka 2017 na Mnyamawamtuka mwaka 2019. Nyasasaurus aliokotwa miaka ya 1930, akakaa makabatini hadi alipoelezwa rasmi mwaka 2013. Ana umri wa miaka milioni 240 hivi, na huenda ndiye dinosaria wa kale kuliko wote wanaojulikana. Neno huenda ni la lazima hapo, maana mifupa yake ni michache na wataalamu hawajakubaliana. Kitabu kinachomtaja Nyasasaurus bila neno hilo kina kasoro sawa na kile kisichomtaja kabisa.

Hoja ninayoiheshimu zaidi dhidi ya msimamo huu ni ya umaskini wa maktaba zetu. Rafu nyingi za shule na za umma hujazwa na vitabu vya msaada au vya mitumba, na anayejali watoto atauliza kwa haki: je, kitabu cha 1985 si bora kuliko rafu tupu? Kwa riwaya, ndiyo, bila shaka. Kwa hadithi ya kumfanya mtoto apende kusoma, ndiyo pia. Lakini kitabu cha marejeleo hufunguliwa kumaliza ubishi, na kikikosea, kosa lake hutoka na muhuri wa maktaba. Mwanafunzi anayesoma humo kwamba hakuna ajuaye kwa nini dinosaria walitoweka hana namna ya kujua kwamba shimo la Chicxulub, huko Mexico, lilihusishwa na maangamizi hayo mwaka 1991. Siombi vitabu hivyo vichomwe. Mkutubi abandike karatasi ndani ya jalada, aandike mwaka wa kitabu na mambo makubwa yaliyobadilika tangu hapo. Kwa karatasi hiyo kitabu kilichochakaa kinakuwa ushahidi wa jinsi sayansi inavyojisahihisha, na mwalimu mwerevu atakifundishia vizuri.

Wengine watasema dinosaria ni anasa kwa kaunti isiyo na mfupa wao hata mmoja. Ni kweli hawapo ardhini mwetu, na kitabu kizuri kinatueleza sababu. Miamba ya Kakamega, ile iliyowavutia watafutaji wa dhahabu miaka ya 1930, ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Iliganda zamani sana kabla ya mnyama yeyote mwenye mifupa kutembea duniani. Anayetaka mifupa ya dinosaria bila kutoka Kenya aende kaskazini mwa Turkana, kwenye miamba ya Lapur, yenye mashapo ya enzi zao. Mtoto akishaelewa tofauti hiyo kati ya Ilesi, hapa Kakamega, na Lapur, amejifunza jiolojia ya nchi yake kuliko aliyekariri majina ya miamba kwa ajili ya mtihani. Tena si kweli kwamba Kakamega haina dinosaria kabisa. Ndege ni dinosaria waliosalia, na hakuna eneo la Kenya linalomthamini ndege mmoja kama Magharibi inavyomthamini kuku, ingokho. Magamba ya miguu yake, vidole vitatu vinavyotazama mbele, ule mfupa wa kifuani wenye umbo la V ambao hata Tyrannosaurus alikuwa nao: yote yako mezani siku mgeni anapokuja. Hondohondo wa msitu wa Kakamega wamo katika ukoo huohuo. Kitabu kinachodai kwamba dinosaria wote waliangamia kimemnyima msomaji wa huku mfano ulio karibu naye kuliko yote.

Kuhusu simu, nitakuwa mfupi. Intaneti ina kila kitu, pamoja na picha zisizo na mwenyewe na zilizotungwa na mashine. Kitabu kina mtu wa kuulizwa. Udhaifu wake ni kwamba hakijisasishi, na Thomas Holtz alilitatua hilo vizuri: ensaiklopidia yake ya 2007, iliyochorwa na Luis Rey, ina orodha ya jenasi ambayo aliisasisha mtandaoni baada ya kuchapishwa.

Ningenunua kipi, basi? The Dinosauria, toleo la 2004, ni hazina, lakini mahali pake ni maktaba ya chuo kikuu kama Masinde Muliro. Msomaji wa kawaida atachoka kabla ya sura ya pili. Mwongozo wa Gregory Paul una michoro ya viunzi isiyo na mshindani, na toleo lake la tatu ni la 2024, lakini huunganisha jenasi ambazo wenzake wengi wanazitenganisha, kwa hiyo usiwe kitabu pekee rafuni. Kwa pesa za kitabu kimoja ningechukua Dinosaurs: How They Lived and Evolved cha Darren Naish na Paul Barrett, katika toleo jipya linalopatikana, kwa sababu kinatoa hoja kabla ya hitimisho na kinawapa ndege nafasi yao. Vyote hivyo ni vya Kiingereza. Kwa Kiswahili kuna Dinosaria wa Tendaguru cha Cassian Magori na Charles Saanane, kilichotolewa Dar es Salaam mwaka 1998. Kwa kanuni yangu mwenyewe kinahitaji karatasi ndani ya jalada, maana kilitangulia karibu yote yaliyopatikana Rukwa na sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu bonde la Ruhuhu, walikotoka Asilisaurus na Nyasasaurus. Mchapishaji wa Nairobi akiamua kukifuata, Tendaguru, Rukwa, Ruhuhu na Lapur zina mambo ya kutosha kujaza kitabu kizima kabla hajalazimika kuvuka bahari.