MSAADA UNAOBAKI NA MSAADA UNAOONDOKA

Ndugu wanachama,

Wazee walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mwaka 2025 tuliyaona maneno hayo kwa macho.

Tarehe 20 Januari mwaka huo Rais wa Marekani alitia sahihi amri ya kusimamisha misaada kwa nchi za nje kwa siku 90. Kufika tarehe 1 Julai, USAID, shirika lao la misaada, lilikuwa limefungwa. Hapa Kenya maelfu ya wafanya kazi wa afya waliolipwa kwa fedha hizo walipoteza kazi. Hawakuwa na kosa lolote, wala hawakuulizwa neno.

Hatusemi kwamba msaada ule ulikuwa bure. Tangu mwaka 2003 fedha za Marekani zimenunua dawa za UKIMWI na kuokoa roho za watu wengi, na asiyeshukuru hana adabu. Lakini mshahara uliotoka Washington ulikatwa huko huko Washington, na chama hakikuwa na tajiri wa kukaa naye mezani.

Sasa tazameni chai yetu. KTDA, ya wakulima wadogo, ilianza mwaka 1964 na kukuzwa kwa mikopo ya Benki ya Dunia na ya shirika la Uingereza, CDC. Wakulima, wa Kisii wakiwamo, walikatwa pesa katika bei ya majani ili kuilipa. Tangu mwaka 2000 KTDA ni mali ya wakulima kupitia viwanda vyao. Chai haikumaliza umaskini, na manung'uniko ya bonasi tunayasikia kila mwaka. Hata hivyo kiwanda kipo, na mkulima mwenye hisa anajua mlango wa kubisha.

Mama anayeuza ndizi hapa Nyakoe akiugua, haulizi muuguzi analipwa na nchi gani. Anataka kumkuta zahanati. Mwaka 2001, huko Abuja, serikali za Afrika, yetu ikiwamo, ziliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Ahadi ile tunaidai. Wauguzi na wafanya kazi wenzao waandikwe na serikali, walipwe kwa kodi zetu.

Kila tawi lizungumze jambo hili katika mkutano wake, kisha liwaulize wajumbe wetu wa kaunti na Bunge. Mgeni akitusaidia, tutamshukuru. Lakini nyumba ni yetu, na nguzo tuzisimamishe wenyewe.

Umoja ni nguvu.