Sarakasi si Tusi

Tangu mwezi uliopita, kila Jumamosi baada ya adhuhuri, nimekuwa nikienda katika ukumbi wa shule moja ya upili hapa Mombasa kuwasaidia wanafunzi na mchezo wao wa kuigiza. Niliitwa kwa ajili ya mashairi yaliyomo ndani. Ujuzi wa jukwaa sina. Mchezo wenyewe ni wa sarakasi: pana hema, katikati pana duara, na ndani ya duara amesimama bwana mwenye kofia ndefu na mjeledi mkononi. Kila akiulizisha mjeledi, waheshimiwa hupinduka kichwangomba wakatoka chama hiki wakaangukia kile.

Watoto hawakuyabuni hayo. Sisi waandishi wa magazeti ndio tuliowafundisha. Mbunge akihama chama, twaandika sarakasi. Wakirushiana maneno bungeni, sarakasi. Mimi mwenyewe nimeliandika neno hilo mara nyingi kwa maana hiyo, Mungu anisamehe, wala sikupata siku moja kujiuliza namtukana nani.

Mwalimu mkuu aliyasoma maandishi mara mbili, kisha akauliza: "Huyu mwenye mjeledi ni nani?" Simlaumu. Mnamo Aprili 2025 wasichana wa Butere walizuiliwa mchezo wao uitwao Echoes of War, Mahakama Kuu ikaamuru waruhusiwe, nao walipofika Nakuru kwenye tamasha la kitaifa mambo yakaishia katika moshi wa kutoza machozi. Baada ya hayo mwalimu mkuu aweza kumwona mkubwa wa serikali hata katika hadithi ya sungura na fisi.

Ikanibidi nimweleze asili ya mjeledi. Sarakasi ya namna hii ya Kizungu ilianza London mwaka 1768, na aliyeianzisha ni Philip Astley, askari wa zamani wa farasi. Alitambua kwamba farasi akikimbia kwa kuzunguka, mpandaji huweza kusimama wima mgongoni mwake asianguke. Duara lake lilikuja kuwa la futi 42, yaani kiasi cha mita 13, na kipimo hicho kingali kikitumika. Mjeledi basi ulikuwa wa farasi, haukuwa wa watu. Baadaye wakaletwa simba na ndovu. Siku hizi hata hao wanaondoka: kampuni kubwa ya Marekani, Ringling, iliwastaafisha ndovu wake mwaka 2016, ikafunga mwaka 2017, na iliporudi mwaka 2023 haikurudi na mnyama hata mmoja. Watu wangali wakilipa kwenda kutazama, na wanachokitazama ni mwili wa binadamu. Mwalimu mkuu akaridhika nusu. "Fanyeni," akasema, "lakini kofia iondoke." Kofia ikaondoka.

Lakini aliyeubadilisha mchezo ni mtu mwingine. Tulihitaji wa kutuonyesha namna ya kujenga mnara wa watu, na kijana mmoja wa kidato cha tatu akasema polepole kwamba babake aweza. Jumamosi iliyofuata mzee akaja, mtu wa makamo, mgongo umempinda kidogo. Alifanya kazi hiyo miaka mingi katika mahoteli ya pwani ya kaskazini, akiwa mtu wa chini, yaani yule ambaye wenzake wote humpanda mabegani.

Siku ile hakumruhusu yeyote kupanda. Aliwasimamisha miguu mitupu, akawapangua magoti, akawafundisha kupumua. "Wa juu hapandi mpaka wa chini aseme tayari," akawaambia. "Na wa chini akiumwa aseme. Ukinyamaza kwa kuona haya, wamuua mwenzio." Mmoja akamuuliza: "Na mtu akidanganya je, mzee?" Akajibu: "Wataanguka wote, naye yuko chini yao."

Baada ya mazoezi tukamsomea mchezo. Wanafunzi walicheka mahali pao pa kuchekea, yeye hakucheka. Alipomaliza kusikiliza akauliza: "Hawa wanaodanganyana hivi, mbona mwawaita watu wa sarakasi?" Mwanawe akainamisha kichwa. Nami nikatazama karatasi zangu.

Nilitembea naye hadi kituo cha matatu. Amejua misimu yote ya kazi ile. Bomu la Kikambala la Novemba 2002 liliwafukuza watalii, vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007 zikawafukuza tena, maonyo ya serikali za Ulaya mwaka 2014 vilevile, kisha korona ya 2020 ikafunga hoteli kabisa. Yeye alikuwa ameshaacha. Usiku mmoja aliteleza penye sakafu yenye maji, akapewa nauli na vidonge vya maumivu. Mkataba ulikuwa wa mdomo. Hajui amdai nani. Vijana wetu wangali wakiondoka hapa kwenda kufanya sarakasi Ulaya, Uchina na Ghuba, na sijui ni wangapi huulizwa na wazee wao, kabla ya kutia sahihi, atalipa nani wakivunjika.

Jirani zetu waliwahi kuitazama kazi hii kwa jicho jingine. Mwaka 1965 Tanzania iliwapeleka vijana wake Uchina kuisomea sarakasi, na 1969 kikaundwa kikundi cha taifa. Hakikudumu, lakini angalau serikali ilikubali kwamba ni elimu yenye walimu wake.

Tatizo la pili likanijia baada ya sala ya isha. Mzazi mmoja, ustadh niliyemheshimu tangu utotoni, akanivuta kando: "Mwanangu, wewe umesoma chuoni. Haya si laghwi?" Nikamkumbusha siku ya Idi, Wahabeshi walipocheza kwa mikuki na ngao msikitini, naye Bibi Aisha akitazama nyuma ya bega la Mtume (S.A.W.). Akanijibu, nami nilijua atanijibu, kwamba yale yalikuwa mazoezi ya vita.

Ndipo nikamtajia Sidi Ahmed u Musa, walii wa karne ya 16 aliyezikwa Tazerwalt, katika nchi ya Sous, kusini mwa Moroko. Wanasarakasi wa huko hujiita wana wake. Katika karne ya 19 vikundi vyao vilikwisha kuvuka bahari hadi Ulaya na Marekani, na hema za Wazungu zikawatangaza kwa jina la Waarabu. Fahari yao ilikuwa ni ule mnara wa watu, na wako wasemao kwamba uliwahi kutumiwa kupandia kuta za adui. Ustadh alitabasamu hapo. Hakukubali yote. Alitaka mnara wa wasichana uwe wa wasichana watupu, suruali ziwe pana, na alasiri isiwapite mazoezini. Masharti hayo tumeyashika, na kusema kweli wasichana wanasimama imara kuliko wavulana, kwa sababu wanasikilizana.

Mchezo sasa umeandikwa upya, na mashairi yangu mawili yamekufa humo, si neno. Waheshimiwa wangali wamo. Wanataka kujenga mnara ili waonekane na mji mzima, lakini hapatikani wa kukaa chini. Kila mmoja aja na sababu yake, huyu goti, yule cheo. Pembeni vijana wa sarakasi wamekaa kimya wakiwangoja watoke uwanjani ili waanze kazi. Neno sarakasi latajwa mara moja tu, na lasemwa na hao vijana.

Jumamosi hii tunajaribu mnara wa watu sita kwa mara ya kwanza. Mzee ametaka magodoro kumi, shule ina manne. Msomaji mwenye godoro la ziada na alilete kabla ya adhuhuri.