Mwenyewe Yupo, Muulize!

Mwezi huu nilipanga tupige stori za harusi na bajeti zake, lakini kuna kitu kimenikaa rohoni muda mrefu na leo nakitoa. Kinamhusu dada yangu. Ameniruhusu niandike kwa sharti moja tu: nisimtaje jina, na nisimfanye aonekane maskini wa Mungu. Sawa dada, nimekusikia.

Dada ni fundi cherehani, na wala simsifii kwa sababu ni ndugu yangu. Akikushonea gauni la sendofu, ukumbi mzima unageuka. Pia ana skizofrenia. Ugonjwa ukipanda anasikia sauti ambazo sisi hatuzisikii, usiku halali, na anaamini majirani wanampangia mabaya. Kama familia nyingi, tulianza kwa kuzunguka huku na kule, leo kwa mganga, kesho kwenye maombi. Hospitali tulifika tumechelewa.

Kliniki ilikuwa kila mwezi, na mimi ndiye niliyekuwa namsindikiza. Tukiingia, daktari ananiangalia mimi. "Anakula? Analala? Dawa anakunywa?" Na mimi, msomi mzima na digrii yangu ya mawasiliano, najibu, "Anakula, daktari. Analala." Dada amekaa katikati yetu kama kapu la sokoni. Dakika tano zimeisha, karatasi mkononi, mwingine aingie!

Ndani ya miaka mitatu aliugua tena mara mbili, vibaya sana. Na mara zote mbili tulikuta vidonge amevificha kwenye kopo la vifungo. Mama akalia. Mimi nikamfokea, "Hivi wewe hutaki kupona?" Ukoo mzima ukampa jina la mkaidi. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza kwa nini.

Basi bwana, siku moja tukamkuta daktari mwingine, mwanamama wa makamo. Akauliza, nami kwa mazoea nikaanza kujibu. Akanyanyua mkono taratibu. "Samahani mdogo wangu, mwenyewe yupo." Kisha akamgeukia dada. "Hizi dawa zinakusaidia nini, na zinakukera nini?"

Chumba kikawa kimya. Dada akanyoosha mikono yake mbele, nikaiona ikitetemeka. Akasema, "Nikinywa dawa sauti zinanyamaza. Lakini hata uzi siwezi kuutia kwenye sindano, na cherehani nayo inanyamaza."

Jamani, niliona aibu! Miaka mitatu nakaa naye nyumba moja.

Kumbe dawa aliyokuwa anatumia, haloperidoli, inajulikana kabisa kwa kuleta kutetemeka na kukakamaa mwili. Na kumbe kulikuwa na njia zaidi ya moja! Daktari akazitaja bila kuficha kitu. Dozi ingeweza kupunguzwa kidogo kidogo, ila sauti zingeweza kurudi. Angeweza kuongezewa kidonge cha kutuliza kutetemeka, ila nacho hukausha mdomo na kinaweza kusumbua kumbukumbu. Au abadilishiwe dawa, apewe olanzapini, ambayo kwa kawaida haitetemeshi sana, ila huleta njaa, hunenepesha na inaweza kupandisha sukari. Hata suala la kuacha dawa kabisa alilizungumza, na akamwambia ukweli kwamba kuacha ghafla, kama alivyokuwa anafanya, ndiko kunakorudisha ugonjwa kwa kishindo.

Dada akauliza bei. Akauliza atapimwa nini na mara ngapi. Halafu akasema kitu ambacho mpaka leo nakicheka na kinanitoa machozi, "Nikinenepa, gauni nitaongeza kitambaa. Mikono siwezi kujishonea mingine."

Basi, uamuzi ukawa huo.

Asikwambie mtu kwamba mambo yalinyooka siku hiyo hiyo. Amenenepa kweli, uzito na sukari vinapimwa, na kuna mwezi dawa ilitusumbua mfukoni. Ugonjwa umewahi kurudi mara moja. Tofauti ni kwamba safari hiyo ni yeye aliyekuja kunigongea alfajiri, "Mdogo wangu, sauti zimeanza. Twende." Kopo la vifungo sasa lina vifungo tu.

Najua kuna msomaji anauliza, mgonjwa wa akili ataamuaje? Swali zuri. Ni kweli kuna siku ugonjwa unakuwa mkali mno kiasi kwamba mtu hawezi kupima mambo. Lakini hizo ni siku, sio maisha yake yote. Mtu akitulia anajua vizuri tu anachotaka. Na Tanzania mwaka 2009 iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, unaowagusa na watu wenye matatizo ya akili ya muda mrefu. Kwa hiyo kumsikiliza sio hisani.

Kwa zile siku mbaya, dada alituandikisha mpango akiwa mzima. Dalili zake za mwanzo ni zipi, nani aitwe kwanza, dawa gani ilimsaidia na ipi ilimuumiza, nani akae na mwanawe. Na chini kabisa, ufunguo wa chumba cha cherehani apewe nani! Nakala moja ipo kwenye faili lake kliniki.

Sasa na nyinyi mlio kwenye ndoa, msikilize. Shemeji yangu, usimjibie mkeo kwa daktari. Na shosti, kama uko kwenye dawa za kutuliza hisia na mnapanga mtoto, liseme hilo kliniki mapema. Mfano ni valproeti. Kati ya wajawazito 10 wanaoitumia, takriban mmoja hujifungua mtoto mwenye kasoro za kimaumbile, na watatu hadi wanne kati ya watoto 10 wanaweza kuchelewa kukua kiakili. Ila usiiache mwenyewe kimya kimya! Nenda mkaongee, njia nyingine zipo.

Madaktari wa magonjwa ya akili ni wachache na foleni ni ndefu, naelewa. Ndiyo maana ukienda, nenda na maswali yako matatu kwenye karatasi. Nina njia gani za matibabu? Kila moja ina faida na madhara gani? Na kwa maisha yangu mimi, ipi inanifaa?

Na wewe msindikizaji mwenzangu, kazi yetu ni kubeba maji, kushika faili na kukumbusha kilichosahaulika. Kujibu tumwachie mwenye mwili. Na ule utani wa "huyu wa kupelekwa Mirembe", hebu tuuache. Kuna mtu jirani yako anausikia huku anaficha vidonge vyake.

Dada, gauni langu la Desemba bado nalisubiri. Mita nne, usinibanie!

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.

Mhariri wenu