Umbali Si Kinga

Yako maneno yapendezayo masikio ambayo hayana kweli hata chembe. Mojawapo nalisikia katika mjadala wa wanafunzi, katika shule moja ya bara nilikoalikwa kuwa mwamuzi. Hoja iliyotolewa ilikuwa kwamba kuyeyuka kwa barafu katika ncha za dunia ni hatari kwa Kenya. Kijana mmoja, hodari wa kusema, alisimama upande wa kupinga. Alisema kwamba Greenland iko mbali nasi maelfu ya maili, kwamba hatujapata kuiona wala hatutazamii kuiona, na kwamba barafu ya huko ikiyeyuka atakayelowa miguu ni mwenyeji wa huko. Akamaliza kwa kuuliza, "Pilipili usiyoila yakuwashia nini?" Ukumbi mzima ulimpigia makofi, na upande wake ukashinda kwa kura nyingi.

Simlaumu kijana yule. Alisema kwa ufasaha neno ambalo watu wazima wengi, tena wenye vyeo, hulisema kwa uvivu. Lakini neno lenyewe ni kosa, na kosa lake si dogo. Limeigeuza kweli miguu juu, kichwa chini. Mimi nashikilia kwamba umbali ulio baina yetu na barafu ile hautukingi na lolote. Umbali huo ndio hasa unaotuzidishia maji.

Kabla ya kuthibitisha neno hili, yafaa tuondoe fikira moja iliyotuganda. Mtu wa Kenya akisikia habari za barafu kuyeyuka, macho yake huelekea Kirinyaga na Kilimanjaro. Ana haki ya kuhuzunika. Kilimanjaro ilipoteza zaidi ya sehemu nane katika kumi za barafu yake kati ya mwaka 1912 na 2007, na juu ya Kirinyaga ule mto wa barafu uitwao Lewis umekonda hata umekuwa kama kiraka katika vazi kuukuu. Lakini barafu yote ya milima yetu, hata ingaliyeyuka kwa siku moja, isingaliinua bahari ya dunia kwa milimita moja. Theluji ya Kirinyaga ni fahari yetu, ni jina la nchi yetu. Wala si hiyo itakayoingia katika nyumba za Mombasa.

Wala si barafu ielelayo baharini. Mwanafunzi na atie kipande cha barafu katika bilauri, aijaze maji hata ukingoni, kisha angoje. Barafu itayeyuka yote na maji hayatamwagika, kwa kuwa kipande kielelacho kilikwisha kuchukua nafasi yake majini. Maji yaongezayo bahari ni yale yatokayo katika barafu iliyokaa juu ya nchi kavu, na mahali penye hazina kubwa ya barafu ya namna hiyo ni pawili tu: Greenland na Antaktika. Barafu ya Greenland imetandaa juu ya eneo lililo karibu mara tatu ya Kenya, na unene wake katikati hupita kilomita 3. Ingeyeyuka yote, bahari ya dunia ingepanda kwa zaidi ya mita 7. Ile ya Antaktika ingeipandisha kwa mita zipatazo 58. Mito yote ya barafu ya milima mingine ya dunia, Himalaya, Alps, Andes na kwingineko, ingeongeza kama thuluthi moja ya mita.

Hapana mtaalamu asemaye kwamba mita hizo zitakuja kesho au karne hii. Msomaji asitishike kwa hesabu ya mambo yatakayochukua mamia na maelfu ya miaka. Na atishike, akitaka, kwa hesabu ya mambo yaliyokwisha kutokea. Kati ya mwaka 1901 na 2018 bahari ya dunia ilipanda kwa wastani wa sentimita 20. Hapo kwanza, mpaka 1971, ilipanda kama milimita 1.3 kwa mwaka. Kati ya 2006 na 2018 ilipanda kama milimita 3.7 kwa mwaka. Sehemu ya upandaji huo yatokana na maji yenyewe, kwa kuwa maji yakipata joto hutanuka, kama sufuria iliyojazwa sana imwagikavyo kabla ya kuchemka. Sehemu nyingine yatokana na barafu, na sehemu hii ndiyo iongezayo mwendo. Tangu mwaka 2002 setilaiti ziitwazo GRACE zimekuwa zikiipima barafu ya Greenland kwa uzito wake, nazo zaonyesha kwamba nchi ile hupoteza, kwa wastani, zaidi ya tani bilioni 200 kila mwaka.

Sasa maji hayo huenda wapi? Hapa ndipo kijana wa mjadala alipopotea, na ndipo wengi wetu tungepotea pamoja naye. Twadhani bahari ni kama karai: ukitia kikombe cha maji upande mmoja, maji hupanda sawasawa pande zote. Bahari si karai. Kila mwana wa pwani ajua kwamba mwezi huyavuta maji, yakajaa na kupwa, ijapokuwa mwezi uko mbali kuliko Greenland. Kila kitu chenye uzito huvuta. Na mlima wa barafu wenye unene wa kilomita 3, uliotandaa juu ya nchi nzima, una uzito mkubwa mno. Basi huivuta bahari iliyo kando yake, maji yakakusanyika na kusimama juu kidogo kuuzunguka, mithili ya watoto wamzungukao bibi msimulia hadithi. Barafu ikiyeyuka, uzito hupungua. Uzito ukipungua, mvuto hulegea. Na mvuto ukilegea, maji yaliyokuwa yameshikwa pale huachiliwa yaende zake.

Matokeo yake ni ya ajabu, lakini ni ya kweli, na hesabu yake ilikwisha kufanywa na Mmarekani Robert Woodward tangu mwaka 1888. Barafu ya Greenland ikiyeyuka, bahari iliyo karibu na Greenland hushuka. Hushuka, narudia, wala haipandi. Tena nchi yenyewe, iliyokuwa imelemewa na mzigo ule, huinuka kidogo kidogo kama godoro lililoondokewa na mwenye kulilalia. Mpaka umbali wa kilomita zipatazo 2,000 kutoka katika barafu ile, kuyeyuka kwake hupunguza maji pwani. Watu wa Iceland wamo katika duara hiyo. Pwani za kaskazini ya Ulaya hupata sehemu ndogo tu ya maji hayo. Na yale yaliyopungua huko hayana budi kuonekana mahali pengine: huja katika bahari za mbali, katika nchi za joto, yakazidi wastani wa dunia. Antaktika nayo hufanya vivyo hivyo kwa upande wake. Sisi tuliokaa katikati ya dunia, mbali na ncha zote mbili, hatuna mlima wa barafu jirani wa kutupunguzia chochote.

Basi yule atakayelowa miguu si mwenyeji wa Greenland. Kijana alimtaja mtu asiye na hatia, akamwacha ndugu yake wa Lamu.

Kosa la kuamua mambo ya mbali kwa kukaa kitako lina historia katika nchi hii hii. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann, aliyekaa Rabai karibu na Mombasa, aliiona theluji ya Kilimanjaro. Mwaka uliofuata mwenzake Ludwig Krapf akaiona Kirinyaga akiwa Ukambani. Walipopeleka habari Ulaya, bingwa mmoja wa jiografia mjini London, William Desborough Cooley, alikataa katakata. Barafu chini ya jua la ikweta! Hakupata kufika huku, lakini alikuwa na hakika. Leo sisi tulio chini ya jua hilo twamcheka, kisha twafanya kama yeye: yeye alikana barafu yetu, na sisi twakana kwamba barafu ya kwao ina neno nasi.

Wapo wapinzani wengine wenye hoja iliyo bora kuliko ya umbali, nao wanastahili jibu. Husema hivi: bahari ya Mombasa hujaa na kupwa kwa zaidi ya mita tatu wakati wa bamvua, itakuwaje sentimita 20 zihesabiwe hatari? Hoja hii yafanana na ya mtu asemaye kwamba mto hufurika kila masika, basi ndoo moja zaidi haidhuru. Ukuta wa gati, mlango wa kisima na kizingiti cha nyumba havikujengwa kwa kipimo cha maji yaliyokupwa. Vilijengwa juu kidogo tu ya maji makubwa kuliko yote ambayo wazee waliyaona. Sentimita zilizoongezwa hukaa juu ya bamvua, na siku ya upepo wa kusi hukaa chini ya wimbi na kulibeba. Maji yaliyokuwa yakifika mlangoni mara moja katika maisha ya mtu hufika mara moja katika miaka michache, halafu kila mwaka.

Wengine husema kwamba bahari imepanda na kushuka tangu zamani. Ni kweli. Miamba ambayo Fort Jesus imesimama juu yake ni matumbawe ya kale, yaliyojengwa na viumbe wa baharini zama ambazo maji yalisimama juu kuliko leo. Na miaka 20,000 iliyopita bahari ilikuwa chini kwa kama mita 120. Lakini enzi ya matumbawe yale hapakuwa na mji wa Mombasa, wala bandari, wala hati ya kiwanja. Wanadamu wa zamani zile walipofuatwa na maji walichukua mikuki yao wakahama. Sisi tutahama na nini? Tutaibeba Kilindini mabegani?

Naitaja Kilindini makusudi, kwa sababu ya wale wafikirio kwamba jambo hili ni la watu wa pwani peke yao. Mafuta yaendeshayo magari ya Nakuru, ngano ya mikate ya Nairobi, mizigo ya Uganda na Rwanda, vyote hushuka hapo. Nilipotoka katika mjadala ule nilimwuliza kijana mshindi kama amepata kuiona bahari. Akasema hapana; lakini mjomba wake ni mpakuzi wa mizigo bandarini, naye ndiye amlipiaye karo.

Katika Lamu jambo hili si la mawimbi tu. Mji ule hupata maji yake matamu katika visima vilivyo chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Mvua huzama mchangani, na maji matamu, kwa kuwa ni mepesi, huelea chini ya ardhi juu ya maji ya chumvi. Bahari ikipanda, chumvi husukuma kutoka pembeni na kutoka chini. Na watu wakiteka kupita kiasi, huisaidia kupanda. Mji waweza kusimama mkavu, kuta zake zote salama, na watu wake wakakosa maji ya kunywa. Kisima hakipigi kelele kama wimbi, wala hakipigwi picha.

Sitasema uongo ili nishinde. Si kila ufuko uliwao huliwa na barafu ya Greenland. Pako mahali ambapo watu wamechota mchanga kwa malori, pengine wamekata mikoko iliyokuwa ngome ya pwani, pengine tajiri amejenga ukuta wake hata ndani ya maji, mawimbi yakageuka kumla jirani. Hayo ni makosa yetu wenyewe, na hatuwezi kuyapeleka kwa mtu mwingine. Lakini joto liyeyushalo barafu ni habari nyingine. Limetokana na mkaa wa mawe na mafuta yaliyochomwa kwa zaidi ya miaka 150, sehemu kubwa Ulaya na Marekani, na siku hizi China pia. Kenya, ambayo umeme wake mwingi hutoka katika mvuke wa Olkaria, maporomoko ya Tana na upepo wa Turkana, haifikii hata sehemu moja katika mia ya moshi huo. Tarehe 23 Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, iliyoko The Hague, ilitoa maoni kwamba mataifa yana wajibu wa kisheria wa kuilinda hali ya hewa ya dunia, na kwamba taifa livunjalo wajibu huo laweza kupasiwa kulipa fidia. Ni maoni, si hukumu. Lakini ni mlango uliofunguliwa, na waliousukuma walikuwa watu wa Vanuatu, visiwa vidogo vilivyo mbali na barafu kama sisi.

Nani atakayepita mlango huo kwa niaba ya Lamu? Si mtu aliyekwisha kusema mbele ya mashahidi kwamba jambo halimhusu. Jopo la Kiserikali kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi lilikadiria mwaka 2021 kwamba ifikapo 2100 bahari yaweza kupanda kati ya sentimita 28 na 55 ikiwa moshi utapunguzwa upesi, na kati ya sentimita 63 na mita moja ukiongezeka sana. Tofauti ya hesabu hizo mbili yaamuliwa sasa, katika vikao ambavyo wajumbe wetu huhudhuria. Wakienda huko na pilipili ya kijana yule mfukoni, watasikilizwa kwa adabu na kurudishwa mikono mitupu.

Mjadala ule ukirudiwa, ningeomba ufanywe Lamu, gatini, siku ya bamvua ya mwezi wa tatu, saa ya maji kujaa. Na kijana yule apewe nafasi ya kwanza kusema.