Went ni mali ya kuazima

Mwandishi, makala yako ya vitenzi vya Kiingereza imenirudisha darasa la sita. Mwalimu anaimba go, went, gone, nasi tunaitikia kama kasida, fimbo iko mezani. Tulikariri barabara. Ukiambiwa utunge sentensi sasa, unaandika "I didn't went", kalamu nyekundu inapita. Kosa hilo nalisikia hadi leo, tena kwa watu wazima wenye vyeti vyao.

Wanangu nawaeleza kwa Kiswahili. Tunasema nilikwenda; tukikana, sikwenda. Ile "li" imeshaondoka, hakuna anayesema "sikulikwenda". Did nayo ni hivyohivyo: ikishabeba wakati uliopita, kitenzi kinarudi kilivyokuwa, didn't go, didn't eat.

Ila kwenye read umepita mbio mno, ndugu yangu. Herufi hazibadiliki, ulimi ndio unaobadilika: ukisimulia ya jana, unaitamka kama red, rangi nyekundu. Binti yangu hapo hukwama kila mara, nami simlaumu.

Halafu went yenyewe asili yake si ya go. Ilikuwa ya kitenzi kingine, wend. Go iliiazima karne nyingi zilizopita, haijairudisha.