Mama kapata viza, mimi nikagonga mwamba!

Wiki mbili zilizopita niligusia kidogo habari za kwenda majuu, basi tangu siku hiyo sina raha. Nikishuka kwenye daladala naulizwa viza, nikienda kunyoa naulizwa viza. Juzi hata msibani jamaa kanivuta pembeni: "Braza, hivi ile viza ya kutembea wanatoaje?"

Haya, leo nalipa deni. Ila kabla ya kujibu maswali lazima niungame, maana haya ninayoyajua yalinitoa jasho.

Mwaka 2024 mdogo wangu wa kike, anayeishi Ujerumani, alikuwa anaolewa. Akatuma mwaliko, mama na mimi. Mama ni mwalimu mstaafu. Ana pensheni yake, vyumba viwili vya kupangisha na mabanda ya kuku nyuma ya nyumba. Mimi, kijana wa mjini, nilikuwa na laki nne na ushee kwenye akaunti. Nikaona aibu.

Washikaji wawili wakaniazima milioni 9. Nikaziingiza benki Jumatatu, nikachukua taarifa ya akaunti Alhamisi, wiki iliyofuata nikawarudishia chao. Halafu kazi yangu ya kuandika kwa malipo ya makala moja moja nikaiona haina hadhi, nikamwomba rafiki mwenye kibanda cha makava ya simu aniandikie barua kwamba mimi ni meneja wake wa masoko. Meneja, kwenye kibanda cha mtu mmoja!

Mama alikusanya karatasi zake kama zilivyo. Nikamwambia, "Mama, hayo mambo ya kuku yaache, utatuaibisha."

Akanijibu, "Baba, mimi naishi kwa pensheni na kuku. Niseme nini kingine?"

Majibu yakaja. Mama kagongewa viza. Mimi nikapewa karatasi yenye vijisanduku, viwili vimetiwa tiki: taarifa zangu haziaminiki, na kuna shaka kama nitaondoka muda wangu ukiisha. Marehemu baba hayupo, mimi ndiye niliyetakiwa kumshika mdogo wangu mkono siku ile. Nilimwona akiolewa kwenye simu, nimekaa kibarazani na kanzu yangu mpya. Wee acha tu.

Sasa tuje kwenye maswali yenu.

"Naanzia wapi, viza au pasipoti?" (Msomaji, Tabata)

Pasipoti kwanza, viza inabandikwa humo. Unaomba kwenye mtandao wa Idara ya Uhamiaji, kisha unakwenda mwenyewe na karatasi zako kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Uwe na namba ya NIDA na cheti cha kuzaliwa. Pasipoti ya kielektroniki ilizinduliwa Januari 2018, ada ikawekwa Sh150,000, nayo inadumu miaka 10. Angalia jina! Kama NIDA inasema Asha na cheti kinasema Aisha, rekebisha mapema, kabla hujaahidiwa safari. Kwa nchi za Schengen, pasipoti iwe na angalau miezi 3 ya uhai baada ya siku utakayoondoka kule, na kurasa 2 tupu.

"Nataka kuzunguka Ulaya, naomba ubalozi gani?" (Msomaji, Mwanza)

Schengen ni nchi 29 zinazotumia viza moja. Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, unaomba kwa ile utakayoingia kwanza. Usikimbilie ubalozi uliosikia kijiweni kwamba "wanatoa kirahisi" wakati hoteli yako iko nchi nyingine. Dirisha la kuomba liko wazi kuanzia miezi 6 kabla ya safari, mwisho siku 15 kabla. Majibu kwa kawaida ni siku 15, lakini wakitaka kuchunguza wanaweza kufika 45. Ada kwa mtu mzima ilipanda Juni 2024 kutoka euro 80 hadi 90, na ukinyimwa hairudi. Hiyo ni zaidi ya laki mbili imelala mbele! Ongeza bima ya safari, isiyopungua euro 30,000.

"Benki niwe na shilingi ngapi?" (Hili mmeuliza wengi mno)

Hakuna kiasi kimoja. Kila nchi ina hesabu yake ya matumizi kwa siku, na mtu akikugharimia hesabu inabadilika. Wanachosoma zaidi ni mwenendo wa akaunti: mshahara unaingia, kodi ya nyumba inatoka, maisha yanaonekana. Akaunti iliyolala doro miezi miwili halafu ghafla inaruka milioni 9, hata mtoto ataguna.

Na kichekesho chenyewe ni hiki. Ujerumani mwenyeji anaweza kwenda ofisi ya wageni ya mji wake akasaini ahadi rasmi ya kubeba gharama za mgeni wake. Mdogo wangu alikuwa ameshatusainia wote wawili! Zile milioni za kuazima hazikuhitajika hata kidogo. Nilijimaliza mwenyewe.

"Kuna jamaa ana mtu wake ndani ya ubalozi, nimpe changu?" (Msomaji, Sinza)

Mpe uone utakavyoingizwa mjini. Kishoka hawezi kukutolea alama za vidole. Ukinyimwa atasema "bahati mbaya, rudi tena na hela nyingine". Akikutengenezea barua ya uongo, jina lililoko kwenye fomu ni lako na saini ni yako. Yeye hayumo.

"Nikishagongewa viza nimemaliza, au siyo?" (Msomaji, Arusha)

Bado. Afisa wa mpakani naye ana haki ya kukuuliza unakwenda wapi, kwa nani, na nauli ya kurudi iko wapi. Mwaliko, bima na tiketi vikae mkononi, visikae kwenye begi lililoko tumboni mwa ndege. Halafu soma viza yako vizuri. Kuna tarehe za kuanza na kuisha, na kuna idadi ya siku. Viza inaweza kuwa hai siku 45 lakini siku zako za kukaa ni 30. Wengi wanasoma tarehe tu, wanaumbuka. Na hata ukipewa viza ya kuingia mara nyingi, Schengen mgeni hazidishi siku 90 ndani ya kila siku 180.

"Nikifika si natafuta kibarua hukohuko?" (Msomaji, Temeke)

Ndugu yangu, viza ya matembezi ni ya matembezi. Hili nawaambia hasa akina dada mnaoahidiwa kazi za ndani Uarabuni: "ingia na ya matembezi, tutakubadilishia hukohuko". Ukiwa ndani ya nyumba ya mtu, huna mkataba na pasipoti kaichukua tajiri, utamlilia nani? Kama ni kazi, dai mkataba na viza ya kazi kabla ya kupanda ndege, na upite TaESA uhakikishe aliyekuahidi anatambulika.

"Nimenyimwa, ndio basi tena?" (Msomaji, Morogoro)

Sio basi. Kwa Schengen sababu zinaandikwa, na unaweza kukata rufaa kwa utaratibu wa nchi husika au kuomba upya. Lakini ombi la kwanza linabaki kwenye kompyuta zao hadi miaka 5, hivyo fomu ikiuliza kama uliwahi kukataliwa, sema ndiyo. Na usiombe upya wiki ijayo na karatasi zilezile.

Wakati unasubiri, pasipoti yako haijakufa. Nairobi, Lusaka, hata Johannesburg, Mtanzania haombi viza kwa matembezi ya muda mfupi. Nenda, rudi kwa wakati, muhuri wako unakaa pale unaonekana.

Mimi? Mdogo wangu ana mtoto sasa, anataka mjomba akamwone. Fomu iko mezani. Kwenye kazi nimeandika "mwandishi wa makala, kibarua". Kwenye akaunti zimo hela zangu mwenyewe, ndogo lakini za kila mwezi. Mama kaipitia karatasi moja moja na miwani yake puani, akasema, "Sasa hapa namwona mwanangu."

Wakiniuliza nitarudi kufanya nini, nitawaambia kuna wasomaji wanaodai majibu yao. Tukutane wiki ijayo!